Seli za haidrojeni: hakuna moto, na maji si mafuta

Dhana: Seli huchoma haidrojeni kama jenereta inavyochoma dizeli.

Hakuna kinachowaka. Seli ya haidrojeni ni kifaa kinachokutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani ili kupata umeme. Kila seli ina utando mwembamba wa plastiki maalumu, uliobanwa kati ya tabaka mbili zenye chembe za platini. Haidrojeni huingia upande mmoja, uitwao anodi, na platini huigawa kuwa protoni (chembe zenye chaji chanya) na elektroni (zenye chaji hasi). Utando hupitisha protoni lakini huzuia elektroni, hivyo elektroni hulazimika kuzungukia nje kwa waya. Huo mzunguko ndio umeme. Zikifika upande wa pili, uitwao kathodi, hukutana na protoni na oksijeni ya hewani, yakapatikana maji: kilo 9 hivi kwa kila kilo 1 ya haidrojeni. Yote hufanyika kwenye nyuzijoto 60 hadi 80, joto lisilotosha hata kuchemsha chai, ndiyo maana hazitoki oksidi za nitrojeni zinazozalishwa na joto kali la injini.

Dhana: Seli moja kubwa inatosha kuendesha gari.

Ukubwa huongeza ampea, si volti. Kinadharia seli hutoa volti 1.23, ikibebeshwa mzigo hushuka hadi 0.6 au 0.7. Kwa hiyo seli hupangwa kama sahani kabatini: Toyota Mirai ya kizazi cha pili ina seli 330, zinazotoa kilowati 128. Mkondo uleule hupita katika seli zote, kwa hiyo moja ikikosa gesi huburuta wenzake. Umeme unaotoka ni wa DC, yaani wa mkondo unaoelekea upande mmoja tu. Vifaa vya nyumbani vitahitaji inveta, kifaa cha kuugeuza kuwa AC.

Dhana: Ukiwa na maji, una mafuta ya bure.

Piga hesabu. Kupata kilo 1 ya haidrojeni kwa kupasua maji hula uniti 50 hadi 55 za umeme. Kilo hiyo hubeba uniti 33 hivi, na seli hurudisha karibu nusu yake, yaani 16 au 17. Zilizobaki hugeuka joto. Anayenadi gari linalotembea kwa maji matupu hajakuonyesha umeme ulikotoka.

Dhana: Linatoka tone la maji, basi umeme ni safi.

Seli yenyewe ni safi. Gesi iliyoingia ni habari nyingine: haidrojeni nyingi duniani leo hutengenezwa kwa gesi asilia na mvuke, na kila kilo huacha kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksidi kiwandani. Iliyopasuliwa kwa umeme wa jua, upepo, maporomoko au jotoardhi ndiyo yenye haki ya kuitwa safi.

Dhana: Haidrojeni yoyote itafaa, na seli haina cha kuharibika.

Hapa ndipo wengi huumia. Kaboni monoksidi hung'ang'ania platini na kuziba nafasi ya haidrojeni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14687 kwa magari kinaruhusu sehemu 0.2 tu kwa milioni. Salfa ni mbaya zaidi kwa sababu huondoka kwa shida. Hewa inayoingia nayo ichujwe vumbi na kemikali.

Kisha kuna unyevu. Utando ukikauka, protoni hupita kwa taabu na volti hushuka taratibu. Punguza joto au ongeza unyevu wa hewa. Maji yakizidi, hufunika njia za gesi na volti huanza kurukaruka. Ongeza kasi ya hewa, kisha fungua kwa muda mfupi vali ya kupulizia, inayosukuma maji nje. Tiba ya tatizo moja hulizidisha lile jingine, kwa hiyo tazama volti za seli kabla ya kugusa chochote.

Dhana: Mtungi wa haidrojeni ni bomu.

Mitungi ya magari hubeba gesi kwa shinikizo la baa 700 (mara 700 hivi ya shinikizo la kawaida la hewa), lakini haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa na hupaa haraka uwanjani. Hatari iko chumbani: ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kuwaka kwa cheche ndogo kabisa, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Weka kitambuzi darini, si sakafuni kama cha gesi ya kupikia, na acha tundu la hewa juu kabisa ya ukuta.