Tundu ndani ya mwamba: dhana potofu na ukweli

"Tundu dogo halina neno." Lina neno. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alikokotoa kwamba bamba lenye tundu la duara likibanwa kutoka juu na chini, mbavu za tundu, yaani kuta zake za kushoto na kulia, hubeba mgandamizo mara 3 ya ule wa nje. Kipenyo hakimo kwenye jibu lake: tundu la msumari na handaki la reli, zote ni 3.

"Ufa huanza palipobanwa zaidi." Hapa ndipo wengi huteleza, na mimi niliteleza pia. Kwa hesabu ileile, dari na sakafu ya tundu havibanwi, vinavutwa, kwa nguvu sawa na mgandamizo wa nje. Na mwamba kuvutwa hauwezi. Uwezo wake huo mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wa kuhimili kubanwa. Ndiyo maana ukiigiza tundu hilo kwa programu ya kompyuta, ufa wa kwanza hutokeza darini na sakafuni, umesimama wima, unakwenda kidogo kisha unatulia, kwa kuwa mvuto hufifia upesi ukiacha ukingo wa tundu. Mbavu hufuata baadaye, zikibanduka magamba. Ila ukibana pembeni nako, ikafika theluthi ya mbano wa wima, mvuto wa darini unakwisha kabisa.

"Kompyuta imechora, basi ndivyo." Programu hugawa mwamba vipande vidogovidogo, na ufa hupenda kupita kwenye mipaka ya vipande hivyo. Punguza ukubwa wa vipande, endesha tena. Ufa ukihama, ulikuwa wa mchoro, si wa mwamba.

"Nguvu iliyopimwa maabara ndiyo nguvu ya handaki." Huko Manitoba, Kanada, watafiti walichimba handaki la kipenyo cha mita 3.5 kwenye graniti, kina cha mita 420, bila baruti. Mgandamizo mkubwa wa ardhini, uliolala karibu usawa, ulikuwa kama megapaskali 60 (kipimo cha mgandamizo), mdogo 11. Kwa kuwa hapa mbano mkubwa ulitoka pembeni, dari na sakafu ndizo zilizoshika nafasi ya mbavu, na mbano mdogo ukazivuta: kwa Kirsch, dari ingebeba 3 × 60 − 11, yaani 169. Sampuli za graniti hiyo maabara zilivuka 200 kabla ya kupasuka. Kwa karatasi, salama. Lakini dari na sakafu vilibanduka gamba kwa gamba hadi vikachongeka umbo la V. Vijiufa ndani ya graniti huanza mapema mno kabla ya sampuli kupasuka, na ukingoni mwa handaki hakuna cha kuvizuia. Modeli iliyolishwa ile 200 peke yake ingechora handaki zima, safi, lisilo na ufa.