Ukifilisika Marekani, hujafungiwa miaka kumi

Ninashauri watu wenye madeni hapa Marekani, na ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki huja na hofu moja: wakifungua kesi ya kufilisika, hakuna atakayewakopesha kwa miaka kumi. Miaka kumi ni muda ambao sheria inaruhusu kesi ya Sura ya 7 (sehemu ya sheria ya kufilisika inayofuta madeni) ibaki kwenye ripoti yako ya mikopo, basi. Kukopeshwa ni jambo jingine, na huanza mapema zaidi.

Muda huo huhesabiwa tangu siku ulipofungua kesi. Sura ya 13, ambayo unalipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, kwa kawaida huondolewa baada ya miaka 7. Madeni yenyewe yana hesabu yake: kila moja hutoka miaka 7 tangu uliposhindwa kulipa. Aliyehangaika miaka miwili kabla ya kwenda mahakamani ataona madeni ya kadi zake za mkopo yakitoka kwenye ripoti kabla ya kesi yenyewe.

Alama zako za mikopo, ambazo wakopeshaji huzitazama, zitashuka, ndiyo, na aliyekuwa na alama nzuri ndiye huporomoka zaidi. Lakini wengi ninaowapokea wameshaporomoka zamani. Kadi zimejaa, na wadai wanawapigia simu hadi kazini. Mtu wa namna hiyo akishafutiwa madeni, alama zake huweza kuanza kupanda ndani ya mwaka.

Kazi inayosahaulika zaidi ni kukagua ripoti. Watu hudhani mahakama ndiyo inayopeleka taarifa kwa Equifax, Experian na TransUnion, mashirika matatu yanayotunza ripoti za mikopo. Haipeleki. Ukishapata hati ya kufutiwa madeni, kila deni lililofutwa linapaswa kuonyesha salio sifuri na kwamba liliingia kwenye kesi. Mara nyingi nakuta benki bado inaandika kuwa mtu amechelewa kulipa, au deni limeuzwa kwa mkusanyaji mwingine na limeibuka upya kwa jina geni. Ngoja miezi miwili hivi, chukua ripoti zote tatu kwenye annualcreditreport.com (ni bure), uzisome mstari kwa mstari. Penye kosa, peleka pingamizi la maandishi pamoja na nakala ya hati na orodha ya wadai uliyowasilisha mahakamani. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza.

Kisha anza na kadi ya dhamana. Unaweka amana, tuseme dola 300, na hiyo ndiyo inakuwa kikomo chako. Kabla ya kusaini, uliza kama kadi hiyo inaripotiwa kwa mashirika yote matatu; isiporipotiwa haikufaidi. Itumie kwa mafuta ya gari tu na ulipe yote kila mwezi. Katika alama za FICO, zinazotumiwa na wakopeshaji wengi, historia ya malipo inabeba asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30, kwa hiyo kadi ya dola 300 yenye deni la dola 280 inakushusha hata kama hujawahi kuchelewa. Na upatu unaoutoa kila mwezi bila kukosa, samahani, mashirika haya hayauoni.

Barua za wauza magari zitakujaa sandukuni, kwa kuwa kesi yako ni taarifa ya umma. Angalia riba kabla ya kuangalia gari. Kwa nyumba, mkopo wa FHA (unaodhaminiwa na serikali) kwa kawaida unawezekana miaka 2 baada ya kufutiwa madeni chini ya Sura ya 7. Ule wa kawaida unaofuata masharti ya Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ni miaka 4.

Linalovunja udugu ni wadhamini. Kama shemeji yako alisaini nawe mkopo wa gari, kufutiwa kwako hakumgusi. Chini ya Sura ya 7, mkopeshaji anaweza kumgeukia, na ucheleweshaji ukaingia kwenye ripoti yake. Sura ya 13 humkinga mdhamini wa deni la matumizi ya nyumbani wakati mpango wa malipo unaendelea, na hiyo pekee imewafanya baadhi ya wateja wangu waichague. Zungumza naye kabla hujafungua kesi, maana barua ya mahakama ikimfikia kwanza, hamtaelewana tena.