Athene hawakutuachia sanduku la kura

Uchaguzi ukikaribia tu, utamsikia msomi redioni akisema uchaguzi tumeurithi kwa Waathene wa Ugiriki ya kale. Jamani, tuache. Waathene walichagua majenerali 10 kila mwaka na maofisa wachache wa fedha. Vyeo vingine karibu vyote viligawiwa kwa bahati nasibu, na mwanafalsafa Aristotle anaandika kwamba hiyo ndiyo demokrasia. Kuchagua ni mtindo wa utawala wa wachache. Mwenye jina, mali na ulimi ndiye hushinda uchaguzi, nao walilijua hilo.

Baraza lao: watu 500, 50 kutoka kila kabila, miaka 30 na kuendelea, muhula wa mwaka mmoja, mara mbili tu maishani.

Mahakama ndiyo penye utamu. Kleroterioni, mashine ya kupata waamuzi wa kesi kwa bahati nasibu, ni bamba la jiwe lenye safu wima za nyufa, na kila raia anachomeka humo kibao chenye jina lake. Kwenye bamba la safu 5, kila mstari wa kulala una watu 5. Pembeni pana mrija. Unamiminwa vipande vyeusi na vyeupe, vinatoka kimoja kimoja. Mnahitaji watu 50? Tia vyeupe 10. Kikitoka cheupe, mstari mzima umepita. Cheusi, wote watano warudi nyumbani. Waliopita huokota tunda la mwaloni lenye herufi ya mahakama watakayokaa. Yote haya ni asubuhi ya kesi yenyewe. Sasa mtoa rushwa amhonge nani?

Halafu utaambiwa, "Kwa hiyo nchi alipewa yeyote!" Hapana. Kabla ya kushika cheo ulihojiwa: wazazi wako ni raia? Unawatunza? Ulikwenda vitani? Ukimaliza, unakaguliwa hesabu, na kabla ya hapo huruhusiwi hata kusafiri nje. Wanaoisifu Athene majukwaani hawaigusi sehemu hii, sijui kwa nini.

Lakini hapa hata mimi nasita. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwamo kabisa. Mwaka 406 KK mkutano wa raia uliwahukumu kifo majenerali walioshinda vita vya majini Arginusae, kwa hasira tu. Mwanafalsafa Socrates, aliyekuwa barazani kwa bahati nasibu, alikataa kushiriki. Miaka 7 baadaye, mahakama ya watu waliopatikana kwa bahati nasibu hiyo hiyo ikamhukumu yeye afe. Mashine huzuia hongo. Haizuii hasira.

Ireland walikuwa waangalifu zaidi: raia 99 waliopatikana kwa bahati nasibu walianza kujadili sheria ya utoaji mimba mwaka 2016, wakatoa ushauri tu, na uamuzi ukaachiwa kura ya maoni ya Mei 2018.