Pwani si ukingo wa bamba

Nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp. Mara ya nne mwaka huu, na safari hii kaileta shemeji yangu wa Lindi, mtu aliyesoma. Bwana mmoja mwenye sauti nzito anaeleza kwamba bamba la Bahari ya Hindi (bamba ni kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia, kinachosogea polepole) linazama chini ya Mtwara, kwamba gesi ya Msimbati ndiyo inayolilainisha, na ikiisha bamba litakatika na maji yatatufuata hadi Mikindani. "Shemeji, si ndiyo kazi yako hiyo? Tuhame?"

Msihame.

Habari ya gesi naimaliza haraka. Kuvuta gesi kunaweza kutikisa ardhi, ndiyo. Groningen, Uholanzi, walivuta kwa zaidi ya nusu karne, na tetemeko lao kubwa kabisa lilikuwa la ukubwa wa 3.6, mwaka 2012. Liliwapasulia watu kuta, na hasira zao nazielewa. Lakini 3.6 haiamshi bahari. Tuendelee.

Kinachonichosha ni lile dai la kwanza, kwamba bamba linazama hapa. Watu wanadhani bara linapokutana na maji ndipo bamba linapoishia. Bamba halijui habari za pwani! Panda boti pale Shangani, Mtwara, uelekee mashariki: ganda la bara litazidi kuwa jembamba, kisha utaingia kwenye ganda la bahari, na yote mawili yanasafiri pamoja, yameungana tangu zamani. Wakati dinosaria wa Tendaguru wanakanyaga tope la Lindi, Madagaska ilikuwa njiani, inateleza kutoka kwetu kwenda kusini. Hapakuzama kitu. Palifunguka.

Kama kungekuwa na bamba linalozama chini yetu, sizimomita, yaani vipima matetemeko, zingetuambia. Wanasayansi wa matetemeko, Wadati kule Japani na Benioff kule Marekani, walionyesha jambo hili zamani: matetemeko hujipanga mteremko, yakifuata bamba linavyoshuka. Kwetu yangekuwa ya kina cha kilomita 20 huko baharini, 100 chini ya Masasi, 300 ukikaribia Songea. Japani yanafika karibu 700. Hapa kwetu, mteremko huo haupo. Na bamba likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji yanayotoka ndani yake huyeyusha mwamba wa juu, zikazaliwa volkano kwa mstari. Kwa hiyo Masasi ingekuwa na volkano. (Najua utaniambia kuhusu vile vilima. Si volkano zilizozimika. Ni naisi, mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka milioni 500, uliobaki umesimama baada ya vilivyouzunguka kumomonyoka. Nimeshabishania hili kwenye basi la Masasi mpaka kondakta akaniomba ninyamaze.)

Matetemeko tunayo, ila ya aina nyingine. Lile la 12 Agosti 2020, ukubwa wa karibu 6, baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, lililowashusha watu maghorofani usiku, lilitokana na ganda kuvutwa hadi likapasuka. Kuvutwa na kuzamishwa ni vitu viwili.

Sasa njoo ghalani msimu wa korosho. Chukua gunia la kilo 80, lifunge ule mpira wa tairi wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, ulivute taratibu kwenye sakafu ya saruji. Gunia halisogei. Mpira unarefuka, unarefuka, halafu ghafla gunia linaruka shubiri nzima. Hapo ndipo penye tetemeko la Sumatra, Indonesia. Mabamba yanasukumana sentimita chache kwa mwaka, mahali yalipokutana pamekwama kwa karne, kisha pakaachia, 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, mpasuko wa kilomita 1,300. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba ulichukua dakika nyingi kumalizika, na vipimo vya mwanzo vikasema 8. Baadaye ikawa 9.1. Kwa nishati, hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 40, na waliokuwa zamu kwenye vipimo siku ile hawakuwa wazembe.

Tena tulifundishwa darasani kwamba tetemeko la 9 linataka bamba changa linalokwenda mbio. Sumatra likaitikisa kanuni hiyo, Japani 2011 likaizika: bamba la pale ni la kale sana. Siku hizi ukiniuliza ukanda upi wa bamba kuzama hauwezi kutoa 9, nanyamaza. Wenzangu wengi nao hunyamaza, hata kama slaidi zao zina rangi nzuri.

Kwa hiyo hatari yetu ni tsunami, mawimbi yanayoanzishwa na tetemeko kama hilo umbali wa kilomita 6,400, na haitikisi hata kikombe cha chai Mtwara. Mwaka 2004 maji yalifika Tanzania mchana na yakaua watu. Ilikuwa bamvua la mwezi mpevu, lakini maji hayakuwa yamejaa. Hiyo ilikuwa bahati. Huko Pangani watafiti wamechimbua mchanga wa tsunami ya miaka 1,000 hivi iliyopita, wenye mifupa ya watu ndani yake.

Niliyasema haya kwa bi mkubwa mmoja wa Msangamkuu, mchokoaji pweza. Akanicheka. "Mwanangu, bahari ikipwa saa isiyo yake mimi nitakuwa wa kwanza kukimbia."

Hapo ndipo nilipokwama, maana kwa Sumatra huenda isipwe kwanza. Bamba la juu likifyatuka, ukingo wake ulio kando ya mfereji wa bahari (lile bonde la sakafuni ambako bamba la chini linaanza kuzama) huinuka, na ardhi iliyo nyuma hushuka. Mfereji wa Sumatra uko magharibi, upande unaotutazama. Thailand waliona bahari ikikimbia kwanza. Sri Lanka ilianza kwa kupanda, na sisi tuko upande wa Sri Lanka.

Aliweka chini chuma chake cha kuchokolea. "Ipande kama inavyojaa?"

"Ndiyo. Lakini saa isiyo yake."

"Ikipanda halafu ikashuka?"

"Itapanda tena. Kwa saa nyingi. Usirudi kuchukua pweza."

"Na ndoo?"

"Na ndoo, bibi."

Alifikiri sana kuhusu ile ndoo.