Lafudhi si kipimo cha Kiingereza

Mwanafunzi wa shahada ya Kiingereza akipanda daladala ya Nyegezi, jijini Mwanza, hakosi kuulizwa: “Mbona huongei kama Mzungu?” Imani hii, kwamba ajuaye Kiingereza lazima atamke kama Mzungu, ni ya siku nyingi, nayo inawavunja moyo vijana bure. Uingereza kwenyewe hakuna lafudhi moja. Mtu wa Liverpool hatamki kama wa London, na wote ni wenye lugha.

Chuoni husomwa fonolojia (mfumo wa sauti), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana) na fasihi, yaani lugha inavyojengwa na inavyofanya kazi. Hapo kijana Msukuma ana mtaji, tena mkubwa (sisemi kumfariji). Kisukuma ni lugha ya toni, yaani sauti ikipanda au kushuka huweza kubadili maana ya neno; Kiingereza sivyo. Akizilinganisha, mada ya mkazo (silabi inayotamkwa kwa nguvu) na kiimbo (sauti inavyopanda na kushuka katika sentensi) anaielewa kwa mifano aliyoisikia kwa bibi yake.