Gapi jike hajipi mimba mwenyewe

Mtu ananunua gapi jike mmoja, samaki mdogo wa mapambo, anamweka peke yake kwenye tangi la kioo, na baada ya wiki tatu anakuta vifaranga wamejificha kwenye majani. Mwezi unaofuata, wengine tena. Hapo ndipo husemwa kwamba samaki huyu huzaa bila dume, au kwamba jike mmoja amegeuka dume usiku.

Maelezo ni mepesi zaidi. Gapi, ambaye kwao ni Trinidad na kaskazini mwa Amerika Kusini, hutungishwa mimba ndani ya mwili. Dume ana pezi la chini lililorefuka kama kijiti, na kwa hilo humpa jike mbegu. Jike huzihifadhi hai kwa miezi kadhaa na kuzitumia kidogo kidogo, uzazi baada ya uzazi, kila wiki nne hivi. Dukani walichanganywa, na dume la gapi halichoki kutongoza, kwa hiyo jike mkubwa uliyemnunua karibu hakika alishapandwa.

Hadithi ya kugeuka dume hutokana zaidi na samaki mkia-upanga, ndugu wa gapi ambaye dume lake lina mkia mrefu kama upanga: baadhi ya madume huchelewa kubalehe, hufanana na majike mpaka upanga uote.

Yupo samaki wa jamii hii aliye jike tupu, *Poecilia formosa* wa Meksiko na Texas, ambaye ujike wake tupu ulielezwa mwaka 1932. Hata yeye huhitaji mbegu za dume wa spishi nyingine kuamsha mayai, ingawa watoto hawarithi chochote kwa dume huyo, ila kwa nadra sana.