Bata mzinga wa porini na wa kufugwa: je, ni ndege wawili tofauti?

Wapo wafugaji Marekani wanaoamini kwamba bata mzinga wa porini na wa kufugwa ni spishi mbili, kwa hiyo wakichanganyika uwanjani hakuna kitakachotokea. Ukiwatazama, ni rahisi kuamini hivyo. Wa porini ni mwembamba, manyoya yake yanang'aa kama shaba, na jioni huruka kwenda kulala juu ya mti. Yule mweupe wa bandani ni mzito mno, kupaa hawezi.

Lakini wote ni spishi moja, Meleagris gallopavo. Wa kufugwa walitokana na wa porini waliofugwa Meksiko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Majira ya kuchipua, dume la porini huweza kufuata majike ya bandani na kuzaa nayo.

Linalonitia wasiwasi zaidi wanapochanganyika ni magonjwa. Kuku hubeba kimelea cha histomonasi bila kuonyesha dalili, kikiwa ndani ya mayai ya minyoo yanayobaki udongoni muda mrefu. Bata mzinga akikipata huzubaa, hushusha mabawa, huharisha kinyesi cha manjano, na mara nyingi hufa, awe wa porini au wa kufugwa.

Kwamba ni spishi moja unaweza kuhakikisha mwenyewe: fungua kitabu cha ndege kinachowataja wote wawili ulinganishe majina ya kisayansi. Ili kuwatofautisha, mashariki mwa Marekani tazama ncha za mkia: wa porini zina rangi ya hudhurungi, wa kufugwa wa rangi ya shaba ni nyeupe. Magharibi kipimo hicho hakitoshi, kwani huko wapo wa porini wenye ncha nyeupe.